Udongo wa Njombe na mifupa ya Mlambalasi

Udongo wa Njombe unakula mifupa. Mkulima wa viazi wa Uwemba au wa mahindi kule Mtwango anaijua tabia hiyo kwa upande wa shamba lake: asipotia chokaa, mazao yanadumaa, kwa sababu mvua nyingi za nyanda hizi zimesomba madini kwa karne na karne na kuacha udongo mwekundu wenye tindikali. Tindikali hiyohiyo haimwachi aliyezikwa. Mfupa wa binadamu ni kalsiamu na fosfeti zilizoshikamana na nyuzi za protini. Ukilala katika udongo mchachu unaolowa sehemu kubwa ya mwaka, madini yake huyeyuka kidogokidogo hadi yanabaki meno, na meno nayo yakiisha hubaki doa jeusi ardhini.

Kwa hiyo anayetaka kujua watu wa kale wa nyanda hizi waliishije hana budi kutafuta mahali ambapo mvua haifiki. Kutoka Makambako ashike barabara kuu ya Tanzania na Zambia kuelekea Iringa, halafu aingie njia ya Hifadhi ya Ruaha. Umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Iringa mjini kuna mlima wa mawe uitwao Mlambalasi. Msomaji wa Njombe asione nimemtoa nje ya mkoa wake. Mikoa ni mambo ya juzi, na Njombe yenyewe ilikuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012.

Watanzania wengi wanalijua jina la Mlambalasi kwa sababu ya mtu mmoja. Hapo ndipo lilipo kaburi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejipiga risasi Julai 19, 1898 akikataa kukamatwa na Wajerumani. Kaburini kuna kiwiliwili tu. Fuvu linalotambuliwa kuwa lake liko Kalenga, katika makumbusho, na habari yake nitaifikia. Kwa sasa tupande hadi kwenye mwamba ulio jirani, ulioinama mbele na kufanya ukumbi mkavu chini yake, kwa sababu humo walikuwamo wafu wengine ambao hakuna ukoo unaowadai.

Mwaka 2002 Paul Msemwa wa Makumbusho ya Taifa alichimba hapo shimo la majaribio. Mwaka 2006, na tena 2010, ukaja mradi wa akiolojia wa Mkoa wa Iringa ulioongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, akiwa na wenzake, akiwemo Mtanzania Pastory Bushozi. Kazi ya namna hiyo haina haraka. Eneo hupimwa kwa mita za mraba, udongo huondolewa kwa mwiko na brashi tabaka moja baada ya jingine, na kila ndoo hupitishwa kwenye chekeche. Matabaka ya juu yalitoa vigae vya vyungu na mabaki ya watu waliofua chuma. Chini yake yakaja mawe madogo yaliyochongwa kwa makali, makombe ya konokono wakubwa na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Na pamoja na hivyo, mifupa ya watu.

Mifupa hiyo ilisalimika kwa sababu mwamba uliikinga na mvua, na kwa sababu sakafu ya pango ilijaa majivu ya mioto na makombe ya konokono, vitu vyenye kalsiamu vinavyopunguza uchachu wa udongo. Vipimo vya umri vilivyofanywa kwenye makombe na shanga vilionyesha kuwa waliozikwa tabaka la chini waliishi kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mabaki ya binadamu ya kipindi hicho ni machache mno katika ukanda huu wa Afrika.

Anayejulikana zaidi kati yao alipewa alama ya B-1. Aliyemchunguza kwa kina ni Elizabeth Sawchuk, na ripoti yake, aliyoiandika pamoja na Willoughby, ilichapishwa mwaka 2015. B-1 alikuwa mtu mzima wa umri wa kati, mwenye mwili mdogo, meno yake yamelika vibaya na kutoboka. Alikuwa mwanamume au mwanamke? Haikubainika.

Jibu hilo huwaudhi wasomaji, lakini kwangu ndilo linaloipa ripoti hiyo heshima. Jinsia husomwa hasa kwenye nyonga. Nyonga ya mwanamke kwa kawaida ni pana, na pale mifupa miwili inapokutana mbele, pembe iliyo chini yake imefunguka zaidi kuliko ya mwanamume. Fuvu nalo husaidia, kwa ukubwa wa kingo za nyusi na kifundo cha mfupa kilicho nyuma ya sikio. Sasa nyonga ikiwa imevunjika vipande na fuvu halijakamilika, utasema nini? Mwenye kutafuta sifa atakisia. Mwenye kujua kazi yake ataandika kuwa haijulikani, aende kwenye swali jingine.

Umri ni rahisi kwa watoto na mgumu kwa wazee. Mtoto ana ratiba: gego la kwanza la kudumu hutoka karibu na miaka 6, la pili karibu na 12, na ncha za mifupa mirefu huungana na miti yake katika miaka ya balehe na ujana. Mfupa wa mtulinga ndio unaochelewa kuliko yote, na ncha yake ya ndani huenda isikamilike hadi mtu akaribie miaka 30. Baada ya hapo ratiba inaisha. Hubaki kusoma uchakavu wa viungo na wa meno, na uchakavu hutegemea mtu alikula nini na alibeba nini. Ndiyo maana ripoti husema "umri wa kati" bila kutaja mwaka.

Meno ya B-1 yanastahili kutazamwa kwa karibu. Jino zima lina kofia ngumu ya enameli yenye vilima vidogo vya kutafunia. Kwa mtu aliyekula vyakula vyenye mchanga na nyuzi ngumu kwa miaka mingi, au aliyetumia meno kama koleo la kushikia ngozi na kamba, vilima vile husagika, enameli huisha katikati, na sehemu ya ndani yenye rangi ya hudhurungi hubaki wazi. Jino likifikia hapo, uozo hupata mlango. Kwa kawaida tunadhani kutoboka meno ni ugonjwa wa wakulima, watu wa wanga na uji. Huyu hakulima. Mizizi na matunda ya porini nayo yana wanga na sukari ya kutosha kumtesa mtu, na ni wazi kuwa B-1 aliishi na maumivu hayo muda mrefu. Hakukuwa na wa kumng'oa kwa ganzi.

Jino huweka kumbukumbu nyingine isiyofutika. Enameli hutengenezwa utotoni, ikiisha imeisha. Mwili haurudi kuifanyia ukarabati. Mtoto akipatwa na njaa kali au homa ndefu wakati jino linaumbwa ndani ya ufizi, kazi husimama, na mstari wa mlalo hubaki juu ya jino maisha yote. Kwa kupima urefu kutoka kwenye mstari huo hadi mwanzo wa mzizi, mtaalamu hukadiria mtoto alikuwa na umri gani siku mbaya ilipomkuta. Mara nyingi ni kati ya miaka 2 na 4, umri wa kuachishwa ziwa. Bibi zetu hawakuhitaji darubini kujua kuwa huo ni umri wa hatari.

Halafu kuna kemia. Tuchukulie, kwa mfano tu, msichana aliyezaliwa mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, akala mbasa na muhogo, kisha akaolewa juu milimani kwenye baridi. Kila mwamba una uwiano wake wa isotopu za stronti, madini ambayo hupita kwenye maji na mimea hadi mwilini. Gego lake la kwanza, lililoumbwa kabla hajatimiza miaka 4, litabaki na stronti ya ufukweni hadi kaburini. Mifupa yake haitabaki hivyo, kwa sababu mfupa ulio hai hujengwa upya polepole. Baada ya miaka 20 ya kula chakula cha mlimani, ubavu wake utasema mlimani na jino lake litasema ziwani. Huko ndiko wanaakiolojia wanakopata habari za ndoa, uhamaji na utumwa bila kuwa na barua hata moja.

Kaboni na nitrojeni zilizo katika protini ya mfupa husimulia sahani. Nitrojeni hupanda kwa mla samaki na nyama. Kaboni hutenganisha makundi mawili ya mimea: mahindi, ulezi na mtama upande mmoja, viazi, ngano, maharage na ndizi upande mwingine. Hapo mtu wa Njombe ana bahati mbaya kidogo, kwa sababu kipimo hakiwezi kutofautisha ulezi wa babu na mahindi ya mjukuu. Vyote viko kundi moja. Lakini viazi mviringo vilivyoingia na wageni vingeonekana. Wapenzi wa ulanzi wasiwe na hofu, hakuna mfupa utakaowataja.

Kipimo kikubwa kuliko vyote kilikuja Februari 2022. Jarida la Nature lilichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 6 wa kale kutoka Tanzania, Malawi na Zambia, walioishi kati ya miaka 18,000 na 5,000 iliyopita. Mlambalasi ilikuwamo, pamoja na pango la Kisese kule Kondoa. Kwa kawaida joto la nchi zetu huharibu vinasaba mapema. Kinachosaidia katika kazi ya namna hii ni mfupa mmoja mgumu ulio ndani ya fuvu, ule unaofunika sikio la ndani, ambao huhifadhi vinasaba kuliko mifupa mingine. Watu hao walibeba damu ya makundi matatu: wawindaji wa Afrika Mashariki, jamaa za Wasan wa kusini, na jamaa za watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Maana yake, zamani sana watu walisafiri mbali na kuoana mbali. Kisha, kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, wakaanza kutulia, kila kundi likioana na majirani zake.

Hapa ninawaomba radhi wanaopenda kuwarudisha mababu nyuma kuliko walivyokuwa. Mtu wa Mlambalasi hakuwa Mhehe wala Mbena. Wakulima na wafua chuma waliozungumza lugha za Kibantu walifika nyanda hizi maelfu ya miaka baadaye. Ila ardhi ni ileile, na ukavu wa ule mwamba uliwapendeza wote kwa zamu.

Si lazima mfupa upimwe maabara ndipo useme. Wakati mwingine ulivyolala unatosha. Kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi nchini Kenya, kulipatikana mtoto wa miaka 3 hivi aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Watafiti walimwita Mtoto, na habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Mifupa ilikuwa laini mno kuchimbuliwa, ikatolewa pamoja na bonge la udongo lililofunikwa plasta. Kichwa kilikuwa kimeinamia kando kwa namna inayotokea pale mto wa kulalia unapooza chini yake. Mabega na mbavu zilikuwa zimebanwa kama mwili uliofungwa kwa ngozi au majani. Mto na sanda vilitoweka zamani. Ila pembe ya shingo ilibaki, na kwa pembe hiyo tunajua kuwa kuna mtu alimlaza yule mtoto kwa upole.

Na pwani, mwaka 2023, vinasaba vya watu 80 kutoka miji kama Mtwapa, Manda, Songo Mnara na Kilwa vilijibu ubishi wa muda mrefu kuhusu asili ya Waswahili. Upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Upande wa baba ulichanganyika na Waajemi tangu karibu mwaka 1000. Wazee wa pwani waliosimulia habari za Washirazi, mababu waliotoka Uajemi, walikuwa wakichekwa na baadhi ya wasomi.

Sasa turudi kwa Mkwawa, kwa sababu mlima wa Mlambalasi una mafunzo mawili na la pili halipendezi. Baada ya kifo chake kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi 6. Miezi ikawa miaka. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining wa Tanganyika alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, yenye mafuvu yapatayo 2,000, kati yake 84 yakiwa ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichagua yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya hayo akatwaa lenye tundu la risasi. Juni 19, 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Kipimo kile ni upana wa kichwa kugawanywa kwa urefu wake. Ndicho kilikuwa chombo kikuu cha wataalamu wa kikoloni waliotaka kupanga binadamu kwa daraja, na ndicho kilichowafanya wakusanye vichwa kwa makasha. Kama ushahidi wa utambulisho ni dhaifu, maana watu elfu moja wasio na undugu wanaweza kuwa na jibu moja. Tundu la risasi linaongeza uzito, basi. Leo kungefanywa ulinganisho wa vinasaba na ukoo, lakini hilo ni la familia kuamua. Fuvu lilipokelewa kwa heshima, na heshima hiyo haingojei ruhusa ya maabara.

Yaliyobaki Ujerumani ni mengi. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, Berlin, ilichunguza asili ya mafuvu 1,135 yaliyokusanywa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. 202 yalitokea Tanzania ya leo. Septemba 2023 ikatangaza kuwa vinasaba vya baadhi vimelingana na vya watu walio hai Kilimanjaro. Fuvu moja ni la akida wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900. Kilichowezesha hayo ni maandishi kwenye fuvu na kwenye daftari la mapokezi, yaliyowaelekeza watafiti waanzie kwenye familia zipi. Fuvu lisilo na maandishi linabaki namba.

Vita vya Majimaji navyo vilipita hapa Njombe. Septemba 1905 wapiganaji wa Majimaji waliishambulia misheni ya Yakobi, nje kidogo ya Njombe, na kisasi cha Wajerumani kilikuwa kuchoma mashamba na maghala hadi njaa ikamaliza walionusurika na bunduki. Huko Songea, viongozi walinyongwa Februari 1906, na ukoo wa Nduna Songea Mbano bado unakitafuta kichwa chake. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha. Msamaha ni jambo jema. Orodha kamili ya mafuvu, yenye jina la kijiji kando ya kila namba, ingekuwa jambo jema zaidi.

Tofauti kati ya B-1 na vichwa vile ni nini, ikiwa vyote ni mifupa mikononi mwa wasomi? Mimi naona ni hii. B-1 alitolewa kwa kibali, mahali alipolala pakachorwa, kilichokuwa juu na chini yake kikaandikwa, na maswali aliyoulizwa ni kuhusu maisha yake. Vichwa vile viliporwa vikaulizwa swali moja tu, ambalo jibu lake waulizaji walikuwa nalo tayari. Ndiyo maana B-1 ametueleza meno yake na kimo chake, ilhali mamia ya mafuvu ya Berlin hayakumfundisha mtu chochote kwa zaidi ya miaka 100.

Njombe bado haijachimbwa hivyo. Mkoa una miamba na mapango yake. Nyumbanitu, ambako simulizi za Wabena zinasema watu walijificha wakati wa vita, ni mahali pa tambiko, na mtafiti yeyote aanzie kwa wazee. Lakini mifupa haitasubiri watafiti. Kila msimu maelfu ya mashimo ya miche ya parachichi yanachimbwa, na Makambako inatanuka kila upande kwa misingi ya nyumba na mitaro ya maji. Siku moja jembe la kijana wako litagonga kitu, ataita, "Baba, njoo uone," na utakachofanya katika nusu saa inayofuata ndicho kitakachoamua kama tutajua chochote.

Basi sikiliza. Simamisha kazi. Usiuinue mfupa, usiuoshe, usiupitishe mikononi mwa majirani, maana jasho lao linachafua vinasaba na mkao wake ni nusu ya habari. Ufunike kwa turubai mvua isiupige. Piga picha, ukiweka jembe au rula kando ili ukubwa uonekane. Kisha mwite mtendaji wa kijiji au wa mtaa, naye aite polisi, kwa kuwa mifupa mingine si ya kale na ina kesi yake. Ikionekana ni ya kale, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka taarifa itolewe, na watu wa kuichunguza wapo: Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mche wa parachichi unaweza kupandwa hatua mbili pembeni.